Toleo la pili la jarida letu la hadithi za ajabu na mashairi, hapa Dodoma: tupokee zipi, tuache zipi?

Dada Mhariri (mwanzisha mada)

Habarini wadau wa kusoma na kuandika. Sisi ni kikundi kidogo tuko Dodoma mjini, wengine wanafunzi wa UDOM wengine tuna kazi zetu za mchana, tunatoa jarida la mtandaoni la hadithi na mashairi, bure kwa kila mtu. Ila sio hadithi za mapenzi na visa vya mama mkwe, hizo zina wenyewe na wanaziandika vizuri. Sisi tunataka za ajabu, yaani kuna kitu duniani hakiko kama tulivyozoea, wakati unarudi nyuma, mashine inaota, mji uko chini ya ziwa, marehemu anapiga simu anauliza shamba limelimwa na nani. Toleo la kwanza limeshatoka, sasa tunaandaa la pili na tumegawanyika humu ndani kwaiyo nimeona nije kwenu mnaosoma.

Zilizoingia mpaka sasa ziko za aina mbili. Kuna za majini, jini mwanamke mzuri anaolewa na kijana, kijana anatajirika, mwisho anakufa au anakuwa kichaa. Na kuna za anga za juu, ambapo wahusika ni kina Captain John wapo New York wanapigana na viumbe wa sayari nyingine, na mwandishi yuko Ipagala. Za katikati hakuna, yaani kijana wa hapa anaishi Nkuhungu anapanda daladala la Sabasaba na kitu cha ajabu kinamkuta hapohapo, hizo sijaona na ndizo nazitamani sana.

Kwenye mashairi ndo kuna ugomvi. Nusu yana vina na mizani safi kabisa ila yanasema mheshimu mama, soma kwa bidii, maneno mazuri ila ajabu haimo. Nusu nyingine ni mashairi huru, picha zake zinashtua kweli ila mistari imekatwakatwa tu huoni kwanini imekatwa pale. Mwenzetu mmoja anasema lisilo na vina lisiingie, mwingine anasema vina vimechosha vijana. Mimi siko upande wowote bado.

Na la mwisho, la kwanza tulilitoa kwa PDF moja kubwa, watu wakalirusha kwenye magrupu ya WhatsApp. Tuendelee hivyo au kuna njia bora? Naomba mnijibu kwa upana, nitasoma yote.

Mwalimu wa Kondoa

Binti yangu hongera, mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili na nimefurahi kuona vijana wa kanda yetu hii wamelianzisha jambo kama hili. Nianze na majini. Msiyakatae kwa sababu ni majini. Ajabu katika Kiswahili haikuja na intaneti, Shaaban Robert mwaka 1951 aliwapa wasomaji Kusadikika, nchi nzima iliyo angani, na ndani yake akaweka kesi mahakamani, na wasomaji walielewa kabisa kwamba anasema habari za duniani. Tenzi za zamani nazo zimejaa viumbe na vita ambavyo hakuna aliyeviona kwa macho. Kwaiyo mwandishi akija na jini mpokeeni, ila mwulizeni swali moja, huyu jini anabadilisha nini? Ukimtoa jini ukaweka mfanyabiashara tajiri na kisa kikabaki vilevile basi hapo jini hana kazi, ni pambo, mrudishieni kwa heshima na mwambieni kwanini.

Kipimo changu nilichokuwa nawapa wanafunzi ni hiki, vunja kanuni moja ya dunia halafu zote zilizobaki zishike kwa nguvu. Kama watu kwenye hadithi yako hawalali basi nataka kujua kitanda kinauzwa tena? Mlinzi wa usiku analipwa na nani? Kijana anayejibu maswali hayo ameshaandika hadithi ya ajabu hata kama hana chombo cha anga.

Halafu mna hazina hapa Kolo mnaipita tu mkienda Babati. Ile michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, ni mapango na miamba zaidi ya 150, watu warefu wembamba wamechorwa kwa rangi nyekundu, wanyama pia, na mpaka leo wapo wazee wanaofanya matambiko ya mvua kwenye baadhi ya maeneo hayo. Yaani mahali pamoja pamechorwa na watu wa kale na bado panatumika na watu walio hai. Mwandishi wa hadithi za wakati kwenda mbele na kurudi nyuma anataka nini zaidi?

kijana_makutupora

Mwalimu shikamoo, nakuheshimu sana ila hapo kwenye Kolo na matambiko naomba nipingane kidogo. Mimi nimechoka, kila akitajwa mtu wa Dodoma kwenye hadithi basi ni mganga, mbuyu, ngoma na mvua ya matambiko, kama vile huku hatuna maisha mengine. Wanaotaka ajabu ya kisayansi wanakimbilia New York kwa sababu wanadhani sayansi haijafika kwetu. Sio kweli.

Niwape mfano mmoja tu na mwandishi yeyote auchukue bure. Maji ya mjini hapa kwa sehemu kubwa yanatoka kwenye visima virefu vya Makutupora kule Mzakwe. Wanasayansi walikaa wakaangalia vipimo vya kina cha maji cha miaka 55 pale, majibu yakatoka kwenye jarida la kisayansi mwaka 2013, na walichokiona ni kwamba yale maji ya chini hayajazwi na mvua za kila mwaka. Miaka mingi mvua inanyesha, inakauka, chini hakuingii kitu cha maana. Kinachojaza ni misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, kama ile ya El Nino ya 1997/98. Katikati ya hapo kina kinashuka tu mwaka baada ya mwaka mpaka ije nyingine. Sasa fikirieni, mtu wa Area C anafungua bomba asubuhi anapiga mswaki na mvua iliyonyesha kabla hajazaliwa! Hiyo ni sayansi tupu na ni ajabu kuliko jini yeyote. Andika hadithi ambayo maji yale yanakumbuka. Andika ambayo mji umekua watu wamejaa mpaka Mtumba na mvua kubwa inayofuata haijaja, na kuna mtu kazi yake ni kukaa kisimani kusubiri. Mi ningeisoma hiyo usiku kucha.

Na nyingine hii hapa. Mwaka 1973 iliamuliwa makao makuu yahamie Dodoma ndani ya miaka 10, na mwaka 1976 ukatoka mpango mkuu wa mji wote umechorwa na wataalamu wa Kanada, mji wa watu wa kawaida, mabasi na waenda kwa miguu. Tunajua mambo yalivyochelewa, serikali imekuja kuhamia kwa kasi kuanzia 2016. Sasa andika Dodoma ambayo ule mpango ulikamilika mwaka 1983 kama ulivyochorwa. Nani anaishi wapi? Chang'ombe ipo? Treni ya umeme imeanza kufika hapa 2024, kwenye Dodoma ile ingefika lini? Hii ndo aina ya hadithi ambayo Captain John hawezi kuibeba.

Msomaji wa Nkuhungu

Naomba nijibu la PDF maana mengine mmeshayamaliza. Dada, acheni PDF tafadhali. Ile ya kwanza nilifungua kwenye simu maandishi yakawa madogo, nikavuta yakawa makubwa ila nikawa nasogeza kulia kushoto kila mstari, na mashairi ndo yalivurugika kabisa. Alafu faili lenyewe zito kwa sababu ya picha, mtu anaangalia bando lake anaacha. Wekeni kila hadithi kwenye ukurasa wake mwepesi, maandishi matupu na picha moja ndogo, ili mtu akiipenda hadithi moja arushe linki ya ile moja tu. Watu hawarushi jarida zima, wanarusha hadithi iliyowagusa na kuandika "soma hii". Na kama mnaweza mtu asome kwa sauti mrekodi, dakika 15 tu, mimi huwa nasikiliza nikiwa napika, na mama yangu ambaye macho yamechoka angesikiliza pia.

Jambo jingine, msitoe vyote siku moja. Toa hadithi moja na shairi moja kila wiki mpaka toleo liishe, watu wawe na cha kusubiri.

Zeze la Bahi

Mimi ni mtu wa mashairi nimekuja hapa kwa ajili ya huo ugomvi wenu. Ugomvi huo mkubwa kuliko nyie, tangu Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974 watu wamegombana kuhusu shairi huru na wote waliogombana wamewaachia mashairi mazuri. Msichague upande. Pokeeni vyote ila kila upande uwe na kazi ya kujieleza. Wa vina, je vina vyake vinamsukuma kwenye jambo ambalo asingelifikia bila vina, au vinamrudisha kwenye maneno yaleyale ya hekima na busara, dunia na mashaka? Wa huru, je ukiunganisha mistari yake ikawa aya ya kawaida kuna kitu kinapotea? Kama hakipotei basi hilo halikuwa shairi, mwambieni aandike hadithi fupi.

Ila mimi binafsi nina mapenzi na utenzi kwa mambo ya ajabu. Mizani 8 kila mshororo, mitatu ya kwanza kina kimoja, wa nne una kina chake kinachokwenda nao mpaka mwisho. Ni umbo la kusimulia, linatembea haraka na halikupi nafasi ya kupamba sana, na ajabu ikipambwa sana inakufa. Nimesoma hayo ya Makutupora hapo juu nikashindwa kukaa, nimeandika beti mbili hapahapa, zichukueni kama mfano:

Maji tunywayo mezani
si ya wingu la angani
yalizama mchangani
kabla hatujazaliwa

Kisima kina sauti
chataja watu na miti
hakifuati wakati
kesho kwacho imekuwa

Naendelea nalo usiku huu. Kijana_makutupora ahsante, umenipa kitu.

kijana_makutupora

Kaka Zeze hiyo "kesho kwacho imekuwa" imenipiga. Maliza tafadhali usiache njiani.

Anayetuma nje

Salaam kwenu. Mimi huwa natuma kazi kwa Kiingereza kwenye majarida ya nje ya aina hii kwaiyo niongezee upande wa uendeshaji, huko ndiko majarida mengi madogo yanakofia na wala sio kwa kukosa hadithi.

Kwanza msione aibu kuwa wadogo na wa bure. Strange Horizons lipo mtandaoni tangu mwaka 2000, linatoa hadithi, mashairi na uhakiki kila wiki, wahariri wake ni wa kujitolea na fedha ya kulipa waandishi inatoka kwenye michango ya wasomaji. Omenana la wenzetu wa Nigeria lilianza 2014, ni la hadithi za ajabu za Waafrika na linasomwa bure. Kwaiyo njia ipo na imeshapitwa na watu. Na Jalada, kikundi cha waandishi cha Nairobi, mwaka 2016 walichukua ngano moja ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyoandikwa kwa Kigikuyu wakaitoa kwa lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwemo, yote mtandaoni. Yaani lugha zetu kwenye skrini sio ndoto tena. Hata Strange Horizons wana dada yao anaitwa Samovar, huyo anachapisha tafsiri na kuweka maandishi ya lugha ya asili pembeni, kwaiyo hadithi nzuri ya Kiswahili iliyotoka kwenu ikipata mfasiri inaweza kusafiri.

Malipo. Kule Marekani chama cha waandishi wa aina hii kinahesabu senti 8 za dola kwa neno kuwa ndo malipo ya kitaaluma, hadithi ya maneno 3,000 inakuwa dola 240. Hamtaweza na hakuna anayewadai hayo. Ila lipeni kitu. Hata 20,000 kwa shairi ikitumwa kwenye simu siku lilipotoka inamfanya mwandishi akuheshimu na akuletee kazi yake bora badala ya ile iliyokataliwa kwingine. Na andikeni kiasi wazi pale mnapoita kazi, msiseme "tutaelewana". Nimewahi kukaa nasubiri hela ya gazeti fulani muda mrefu sana kwa sababu hatukuandikiana njia ya kutuma, sasa hivi nauliza kabla ya kusaini chochote.

Hakimiliki. Kazi ibaki ya mwandishi. Nyie ombeni haki ya kuichapisha kwa mara ya kwanza kwa Kiswahili, na kipindi kifupi cha kuwa nayo peke yenu, tuseme miezi 6, baada ya hapo aipeleke anakotaka. Karatasi moja ya lugha nyepesi inatosha. Na waambieni vijana ukweli huu ambao wengi hawaambiwi, majarida mengi ya nje hadithi ikishawekwa wazi mtandaoni, hata Facebook au kwenye blogu, wanaihesabu imeshachapishwa na hawaichukui kama mpya. Mtu aamue akiwa anajua.

Mwisho akili mnemba. Februari 2023 Clarkesworld, jarida kubwa la Marekani, walilazimika kufunga mlango wa kupokea hadithi kwa muda kwa sababu walifurikwa na hadithi zilizoandikwa na mashine, mamia ndani ya mwezi mmoja, watu wakitafuta hela ya haraka. Nyie mkianza kulipa na hiyo itawafikia. Wekeni sharti mapema na muwe na binadamu anayesoma kila kitu, hadithi ya mashine ya Dodoma utaijua tu, haijui vumbi la Agosti lina rangi gani wala daladala linageuzia wapi.

Mwalimu wa Kondoa

Marahaba kijana wa Makutupora. Hoja yako ya maji nimeipokea na nimeifurahia sana, sikuwa na habari za utafiti huo. Ila tusivunje daraja. Wewe unasema mji unakunywa mvua ya zamani, na mzee wa Kolo anapanda mwambani kuomba mvua ya kesho, hao watu wawili wanashughulika na kitu kimoja. Mimi ningependa hadithi ambayo mpima maji na yule mzee wanakutana, na mwandishi asimfanye mmoja wao kuwa mjinga. Mwandishi akimdharau mhusika wake mmoja hadithi inakuwa hotuba.

kijana_makutupora

Hapo mwalimu nakubali kabisa. Sikatai mzee awepo, nakataa awe peke yake.

Mama wa Singida

Jamani mimi msomaji tu, sio mwandishi. Naomba muwakumbuke watoto wa sekondari. Mwanangu yuko kidato cha 3 anasoma za ajabu kwa Kiingereza tu kwa sababu za Kiswahili hazioni, na Kiswahili chake cha kuandika kinadhoofika. Wekeni alama kwenye hadithi ipi inafaa umri gani, mzazi ajue. Na watoto wa Singida nao waandike, ziwa Singidani na Kindai yapo katikati ya mji na maji yake ya chumvi, hayo nayo hayana hadithi?

Na kabla hamjaenda mbali pitieni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wana ofisi ya kanda ya kati hapohapo Dodoma. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitoka 2018 zikabadilishwa 2020 na tena 2022, mkaulize jarida la hadithi linaangukia wapi mpate jibu kwa maandishi.

Dada Mhariri (mwanzisha mada)

Nimesoma yote, mengine mara mbili, na wenzangu nimewatumia wamesoma. Mwalimu shikamoo na ahsante. Haya tuliyokubaliana jana usiku.

PDF basi. Kila kazi ukurasa wake, hadithi moja na shairi moja kwa wiki, na mwenzetu mmoja mwenye sauti nzuri amekubali kusoma. Majini yanaruhusiwa kwa swali la mwalimu, anabadilisha nini. Mashairi ya vina na huru yote yanaingia kwa masharti ya kaka Zeze, na yule mwenzetu wa vina tu ameridhika baada ya kuona zile beti mbili, amesema kama ajabu inakaa kwenye mizani 8 hivi basi hana tatizo na walio huru. Malipo ni 20,000 kwa shairi na 50,000 kwa hadithi, maneno 1,500 mpaka 4,000, tunachangishana wenyewe kwa toleo hili. Haki inabaki kwa mwandishi. TCRA tunakwenda wiki hii.

Na toleo la pili tumelipa mada, maji. Nafasi nyingine ziko wazi kwa chochote ila angalau nusu ya kazi tunataka ziguse maji, ya bomba, ya kisima, ya bwawa la Hombolo, ya Singidani, ya mvua isiyokuja, sawa tu. Kijana_makutupora ukikubali tunaomba utuandikie kurasa mbili za kueleza yale ya visima kwa lugha rahisi, tuziweke mbele ya toleo ili waandishi wazisome kabla hawajaanza. Tutakulipa kama hadithi.

kijana_makutupora

Nimekubali. Nipe wiki mbili, kuna mtu wa maji nataka nimuulize kwanza kina kimefika wapi sasa hivi nisije nikaandika vya zamani.

Zeze la Bahi

Utenzi umefika beti 19 na mpima maji ameshaingia. Dada swali moja, wahusika wakisema Kigogo ndani ya shairi la Kiswahili mnakubali? Nina mzee pale kisimani na sioni akiongea Kiswahili.

Dada Mhariri (mwanzisha mada)

Tunakubali kaka. Usitafsiri pembeni, acha mshororo unaofuata umsaidie msomaji kuelewa. Tuma ukiwa tayari.